Alumini Chafu ya Kibirizi

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka huo tulihamishwa na serikali kutoka mlimani kwetu sisi Waha, tukapelekwa kwenye kijiji kipya ambacho hakikuwa na nyumba hata moja, na mvua zikatukuta chini ya vibanda vya majani. Baba akashikwa na kifua, akafa kabla hatujavuna hata muhogo. Mama akabaki na wadogo zangu. Mimi nikaacha shule nikiwa darasa la pili, na sikurudi tena. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Kusoma kwenyewe nilikuja kujifunza ukubwani, kwa kutazama mabango ya maduka pale Mwanga, mjini Kigoma.

Nilishuka kwa miguu mpaka Ujiji. Kulikuwa na mzee wa Kimanyema, ambaye mababu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, akiyeyusha alumini uani kwake na kumimina sufuria na miiko. Sikumwomba kazi. Nilisogea kwenye tanuru lake kwa sababu ya baridi ya asubuhi, nikashika mivukuto ya kupulizia moto, nikaanza kuvuta bila kuulizwa. Akaniacha nivute. Jioni akanipa ugali wa muhogo na dagaa, nikala, nikalala palepale kwenye majivu ya moto. Asubuhi akanikuta tena nimeshika mivukuto.

"Wewe Mha," akasema, "kwenu moto hakuna?"

"Upo, mzee, ila hauna cha kupika."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikabaki kwake mpaka nikaota ndevu, na mwisho akaniozesha binti yake. Sikupewa binti kwa kuonewa huruma. Nilipewa kwa sababu hakukuwa na mtu Ujiji nzima aliyemimina sufuria nyembamba kuliko mimi.

Mzee huyo alinifundisha mambo mengi, lakini sheria ilikuwa moja: chuma kisiingie kwenye chungu cha alumini. Boliti itolewe, msumari utolewe, ringi za pistoni zing'olewe, hata fimbo ya kukorogea ipakwe udongo kwanza na ikaushwe, maana fimbo yenyewe ni ya chuma. "Alumini ikishaonja chuma," alikuwa akisema, "inaota mifupa." Na alinionyesha. Alichukua kipande kilichochanganyika na chuma akakigonga kwenye jiwe, kikakatika kama muhogo mkavu, na ndani mkawa na sindano zinazong'aa, kama miiba ya samaki ukiitazama kwenye mwanga. Sufuria ya namna hiyo huvuja uji jikoni siku ya wageni.

Nilipofungua karakana yangu Mwanga, niliiacha biashara ya sufuria kwa wengine nikaingia kwenye propela. Boti za dagaa za ufukwe wa Kibirizi zinakula propela. Mwambao wetu una mawe, na manahodha wetu wana haraka ya kufika sokoni kabla ya wenzao. Propela ya dukani inatoka mbali na ina bei yake. Yangu inatoka Mwanga. Kila propela ninayoimimina huwa na mkia, yaani kile kipande kinachobaki pale metali ilipoingilia kwenye kalibu ya mchanga. Mkia huo naukata, nauvunja, natazama ndani. Ukiwa na sindano, propela nzima inarudi chunguni. Sijawahi kuuza propela ambayo mkia wake sikuuvunja. Kwa hiyo ikitokea boti imekwama katikati ya ziwa kwa sababu propela imekatika, Kibirizi huwa wanasema, "Hiyo haikuwa ya Mzee." Jina hilo sikulirithi.

Malighafi yangu ni skrepa. Boksi za injini zilizopasuka, pistoni, silinda hedi, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka, makopo ya soda. Tunamwaga kwenye turubai na kukaa kuzunguka, tunachambua kama wanawake wanavyochambua dagaa. Watoto wangu wote watano wamekua na sumaku mkononi. Wanne waliichukia kazi hiyo, na siwalaumu. Wa tano, kitinda mimba wetu, binti, alikuwa akiniudhi kwa maswali.

"Baba, kwa nini chuma ni kibaya?"

"Ni kibaya kwa sababu ni kibaya."

"Lakini chuma kina nguvu kuliko alumini. Vikichanganyika si vingekuwa na nguvu zaidi?"

"Chambua."

Akachambua. Lakini swali hakuliacha. Alitoka nalo Kigoma, akaenda nalo Dar es Salaam, na huko akapata ufadhili wa kwenda kusoma nchi ya baridi, ambako watu wanavaa soksi wakiwa kitandani. Siku anaondoka nilimwambia neno moja tu: nenda ukamalize. Sikumwambia arudi na nini. Nilimwambia amalize, kwa sababu mimi sikumaliza.

Watu wa Kibirizi wakawa wananiuliza anasomea nini. Mimi sipendi mtu anayejibu "mambo ya kompyuta" ili wenzake wanyamaze. Nikawaambia ukweli: "Anatunga alumini."

"Alumini inatungwa, Mzee? Kama taarabu?"

"Kama taarabu. Na ikitungwa vibaya inapasuka, kama sauti yako."

Ngoja nieleze, maana nilichukua muda kuielewa kazi yake, na nikishaelewa kitu sipendi kukaa nacho peke yangu. Kuna mashine isiyohitaji mchanga wala kalibu. Inatandaza unga wa metali, tabaka jembamba kama ganda la kitunguu. Mwale wa leza unapita juu ya unga ule ukichora, na kila ulipopita unga unayeyuka na kuganda hapo hapo. Meza inashuka kidogo, unga mwingine unatandazwa, leza inachora tena. Tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kinakaa ndani ya unga kama muhogo ndani ya udongo. Unapangusa, unakitoa. Nilionyeshwa kwenye simu nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Tabu ya leza ni haraka. Metali inayeyuka na kuganda kabla hujapepesa jicho, na alumini nyingi tunazoziona nzuri, hata zile za kuundia ndege, haziwezi mwendo huo. Zinapasuka zikiwa bado za moto. Nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu. Kwa hiyo kazi ya binti yangu haikuwa kutengeneza mashine, mashine wanazo. Kazi yake ilikuwa kutunga alumini itakayoivumilia mashine: kiasi gani cha hiki, kiasi gani cha kile, mpaka ufa ukose pa kupita.

Wenzake walikuwa wakitunga kwa metali safi, zinazokuja zimefungwa kama dawa. Yeye akawaambia walimu wake atatunga kwa skrepa, tena skrepa ya kwao, kama inavyookotwa ufukweni, bila kuongeza kitu wala kupunguza. Akawaambia kama leza itaikubali skrepa ya Kibirizi, basi mtu wa popote anaweza kulisha mashine hiyo kwa takataka za mtaani kwake. Walimu wakakuna vichwa. Mwisho wakamkubalia, lakini wakamwekea mpaka: mwaka ukiisha hajatoa kipande kisicho na ufa, ufadhili unakoma na anarudi nyumbani bila cheti. Miaka yote ile, pamoja na baridi yote ile, iwe bure. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nililijua tangu mwanzo.

Akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Baba, naomba unitumie alumini."

"Huko hakuna?"

"Nataka ya kwako, ya Kibirizi. Iyeyushe kama inavyokuja, umimine vipande, unitumie. Usihangaike nayo."

"Nimekusikia."

Nilimsikia kweli. Lakini mtoto akikuambia usihangaike, sisi huwa tunasikia adabu. Mgeni naye husema msihangaike, na kuku anachinjwa. Mtoto wako akiwa mbali ukataka kumtumia dagaa, humtumii zile zilizoanikwa mchangani. Unatafuta zilizokauka juu ya kichanja, mama yake anakaa kitako anatoa vichwa na vijiti kimoja kimoja, ili huko aliko akitafuna asisikie chembe ya mchanga akasema nyumbani hawanijali. Basi mimi nimtumie alumini chafu? Mbele ya wazungu na maprofesa wao, waifungue waseme, kumbe baba yake ndivyo anavyofanya kazi?

Nilisimamisha kila kitu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ndiye fundi wangu wa mchanga na ndiye mdomo wa karakana, nilimkalisha kwenye turubai pamoja nami. Tulipitisha sumaku mara juu ya mara. Ringi ziling'olewa. Silinda hedi zilivunjwa ili kutoa kila boliti iliyokatikia ndani. Makopo ya soda niliyatupa yote, kwa sababu rangi yake inafanya moshi. Pistoni nilizisugua kwa majivu kama sufuria za harusi. Fimbo niliipaka udongo, nikaikausha, nikaipaka tena. Povu la juu niliengua mpaka shemeji akachoka kutazama.

"Shemeji," akaniambia, "hii alumini utaifungisha ndoa?"

"Shika chungu."

"Mimi nauliza tu, maana hata dada yangu hukumwogesha hivi."

Tulimimina. Nikavunja mkia. Ndani ulikuwa mweupe, laini, hakuna sindano hata ya dawa. Katika maisha yangu sijatoa alumini safi kuliko ile, na sitadanganya kwamba sikuiweka mezani watu waione. Mke wangu akaifunga kwenye mfuko pamoja na dagaa na chupa ya mawese, mzigo ukaenda.

Kule kuna kiwanda kinachoyeyusha metali na kuipuliza iwe unga, na zamu yake inapatikana kwa shida. Mzigo ulipofika zamu ilikuwa imekaribia, kwa hiyo binti yangu akapeleka vipande moja kwa moja bila hata kuvipima. Aliniambia dagaa wamefika salama. Nami huku nikawa natembea Kibirizi kama mtu aliyepeleka posa ikakubaliwa. Nilimwambia kila nahodha kwamba alumini ya Mwanga inaliwa na leza.

Halafu simu ikaja mchana, nikiwa karakana, shemeji yupo.

"Baba, imepasuka."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Yote?"

"Yote. Kila kipande. Baba, nikuulize kitu. Ulichambua?"

"Nilichambua. Wewe si mwanangu?"

Nikasikia anacheka, kicheko kile ambacho mtu akikiendeleza kidogo kinakuwa kilio.

"Baba, chuma kilikuwa wapi?"

"Kwenye ndoo. Nimekitupa."

"Na makopo?"

"Nimeyatupa."

"Basi umetupa aloi yangu, baba, mchanganyiko wenyewe. Umenitumia kile kilichobaki."

Sitaficha kwamba nilikasirika. Niliweka simu kwa sauti kubwa ili shemeji asikie jinsi mtoto anavyomwambia baba yake. Nikamwambia: nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, umekula chuma nilichokitoa kwenye alumini, umevaa, umesoma. Chuma ni uharibifu. Kama leza yako inataka chuma, leza yako ina wazimu.

Akaniacha nimalize. Hiyo ni tabia ya mama yake. Kisha akanieleza taratibu, na nitaandika kama nilivyoelewa.

Chungu changu, akasema, kinapoa polepole. Katika upole huo chuma kinapata nafasi ya kujikusanya, kinaota zile sindano, na sindano ndizo zinazokata propela. Hapo mimi na marehemu babu yake tulikuwa sahihi, hakuna anayebisha. Lakini chini ya leza hakuna nafasi. Kabla chuma hakijajikusanya, metali imeshaganda. Kwa hiyo chuma kinabaki kimetawanyika, chembe ndogo kuliko vumbi, na badala ya kukata metali kinaishikilia. Tena kuna jambo la pili: alumini inapoganda, kuna majimaji ya mwisho yanayobaki katikati. Yakiwa kidogo, inapasuka. Chuma na ile silikoni ya kwenye pistoni zinafanya majimaji hayo yawe ya kutosha, yanaingia kila penye upenyo, yanaziba. Na makopo yana manganizi, ambayo inakituliza chuma kisigeuke mwiba. Mchanganyiko wote ulikuwepo tayari ufukweni. Alikuwa ameupiga hesabu kwenye kompyuta kwa miezi mingi akauona. Alichohitaji ni mtu wa kuuyeyusha na kuuacha.

Shemeji akainama kwenye simu. "Mjomba wako hapa. Sasa huko misumari hakuna? Si ungetia ya huko?"

"Misumari ipo, mjomba. Nikitia yao, imekuwa alumini yao. Mimi niliahidi skrepa kama ilivyo."

"Kama ilivyo," shemeji akarudia, akinitazama mimi. "Mwanangu, huyu baba yako hata kanzu ya maiti angeipiga pasi."

Nikauliza lile moja nililotaka kujua. "Zamu ya unga imebaki?"

"Imebaki moja."

"Na isipofaa?"

"Narudi nyumbani."

"Nyumbani si gerezani."

"Mikono mitupu, baba. Uliniambia nikamalize."

Mke wangu alikuwa ameleta chakula, amesimama mlangoni, amesikia yote. Alisubiri nikate simu. Kisha akasema, "Mpelekee mtoto anachotaka, usimpelekee unachotaka wewe." Akaweka sahani, akaondoka. Maneno ya mwanamke aliyezaliwa kwenye karakana yana uzito wake, hasa akiyasema huku anakwenda zake.

Ulikuwa wakati ziwa limefungwa ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi huo ni wakati wa njaa, kwangu ni wakati wa kazi, maana boti zote zinavutwa nchi kavu na kila mtu anataka propela iwe tayari siku ziwa likifunguliwa. Karakana ilikuwa imejaa. Katikati ya kazi hiyo nikatoa chungu kikuukuu, nikakiweka peke yake kwenye tanuru la pili, nikamwaga skrepa kama ilivyotoka Kibirizi. Pistoni na ringi zake. Vipande vya boksi na boliti zake. Makopo yakanyagwa tu, yakaingia na rangi. Mikono yangu ilikataa. Nilikuwa naona boliti, kidole kinakwenda chenyewe kuitoa, naurudisha mkono. Shemeji alinishika bega akasema, "Achilia, Mha, achilia," kama anayemliwaza mfiwa.

Nikakoroga kwa chuma kitupu, bila udongo. Nikaacha moto ukae mpaka zile ringi zikaanza kuyeyukia ndani.

Wakati huo huo akaingia nahodha mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, amefuata propela yake. Alisimama akaangalia makopo yanavyoungua, akaangalia boliti zinavyozama, akaniangalia mimi. "Mwakeye, Mzee," akasalimia Kiha, kwa upole mno. Kisha akaondoka bila propela.

Kigoma haina siri. Kabla ya jua kuzama Kibirizi yote ilikuwa inasema Mzee wa Mwanga amezeeka, siku hizi anapika misumari. Asubuhi manahodha walikuja kundi. Hawakuja kugombana, walikuja na ile heshima inayouma kuliko matusi.

"Shikamoo, Mzee. Tumesikia unaumwa."

"Marahaba. Siumwi."

"Tulisema tuchukue tu propela zetu, ukapumzike."

Jina langu lote lilikuwa limesimama pale mlangoni na miguu michafu ya mchanga. Ningeweza kuwaeleza habari za leza, na wangeitikia ndiyo Mzee, wakazichukua vilevile. Sikueleza. Nikamwambia shemeji alete propela zote zilizomiminwa ambazo mikia yake haijavunjwa, azipange chini. Nikachukua nyundo. Nikavunja mkia mmoja mmoja mbele yao, nikampa kila mtu ashike wa propela yake, atazame mwenyewe. Weupe, weupe, weupe. Mmoja tu ulikuwa na mawaa, nikaitupa propela hiyo chunguni papo hapo, mwenyewe akiangalia.

Kisha nikavunja kipande cha kile chungu cha pili. Kilikuwa cha kijivu, kimejaa sindano. Nikakiinua. "Hiki ndicho mlichosikia. Hiki ni cha binti yangu. Hakitagusa boti ya mtu."

Yule nahodha wa jana, aliyekuja nao, akakipokea, akakigeuza. "Na huyu binti, Mzee, alikukosea nini?"

Wakacheka, nikacheka. Wote waliniachia propela zao nizimalize.

Vipande vile vya kijivu vilisafiri. Safari hii mke wangu alifunga dagaa mfuko wake peke yake, akasema hawezi kuchanganya chakula na kitu kile. Unga ukapulizwa. Mimi nikaendelea na propela za watu, ziwa likafunguliwa, boti zikaingia majini, na simu ikawa kimya. Sikupiga. Chungu kikiwa motoni hakifunuliwi funuliwi.

Alipopiga nilikuwa Kibirizi, nimekaa juu ya boti ya mtu nafunga propela.

"Baba."

"Nakusikia."

"Haikupasuka."

"Kipande kimoja?"

"Vyote. Tumevikata, tumevitazama kwa darubini, hakuna ufa. Walimu wameviona. Nimemaliza, baba."

Nilimwambia vizuri. Nikamwambia ale. Nikakata simu, nikamaliza kukaza nati ile niliyokuwa nimeishika, maana boti ya mtu ni boti ya mtu. Ndipo nikawaambia waliokuwa karibu. Wachukuzi wa dagaa wakapiga makofi na matenga yao vichwani, na mama mmoja mwanika dagaa akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini.

Alirudi kutusalimia akiwa na cheti na propela. Ndiyo, propela, ndogo, ya injini ya boti, iliyochorwa na leza kutokana na boliti, ringi na makopo ya Kibirizi. Ilikuwa na ngozi ya kukwaruza kama kipande cha tofali, haijang'arishwa. Niliipima kwa macho, nikaigonga nikasikiliza. Nikainyanyua nyundo.

"Baba, ni moja tu duniani."

"Sijawahi kufunga propela ambayo sikuivunja mkia."

"Najua," akasema, akafungua mkoba, akatoa fimbo fupi ya alumini ile ile. "Iliumbwa pamoja nayo. Vunja."

Niligonga. Haikukatika. Ilipinda. Nikagonga tena kutoka upande wa pili, na tena, mpaka ikakubali. Ndani hapakuwa na sindano. Palikuwa na kijivu laini, sawa kila mahali, kama majivu yaliyochekechwa. Niliigeuza kwenye jua. Chuma kilikuwa humo, nilikitia mwenyewe, na sikukiona.

Nikamwuliza kama hii inamaanisha niache kuchambua. Akasema hapana, kwenye chungu changu sheria ni ile ile. Nikafurahi, kwa sababu nisingeacha. Yeye ana leza yake, mimi nina chungu changu, na kila mmoja anajua kinachopikwa kwake.

Tuliifunga kwenye boti yangu mwenyewe, maana nami nina moja ya dagaa. Msimu wote ule imefanya kazi. Mara moja nahodha wangu aliipigiza kwenye jiwe akija kwa haraka, akaniletea huku ameinamisha kichwa. Panga moja la propela lilikuwa limekunjika. Halikuvunjika. Nililinyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya gogo, nikairudisha majini siku ile ile.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Gungu, ya matofali ya kuchoma, na umeme umo. Nina karakana Mwanga, kiwanja ni changu na hati ninayo. Nina matanuru mawili na feni ya kupuliza, mivukuto nimeiacha. Nina boti moja ya dagaa yenye injini, na propela ya leza ipo juu yake. Nina mke mmoja, yule yule. Nina watoto watano, na mmoja ni daktari wa metali. Nina shemeji. Nina shamba la michikichi na mashine ndogo ya kukamulia mawese. Nina mbuzi, na jogoo mmoja mkorofi.